Neno Kuunga na Mawe ya Kijivu ya Uluguru

Mwaka wangu wa kwanza wa kubeba sampuli za mawe katika milima ya Uluguru nilitupa mawe saba, na hadi leo nayakumbuka hayo kuliko mengi niliyoyafikisha salama. Ilikuwa jioni, tunashuka kutoka juu ya Mgeta, njia ina utelezi baada ya mvua, na kila jiwe lilikuwa na uzito wa kilo mbili au tatu. Mhadhiri wa jiolojia niliyekuwa nikimfanyia kazi alikuwa ametangulia pamoja na mwenyeji wetu. Nilikaa kwenye ukingo wa ngazi za shamba la maharage, nikafungua mfuko, nikayagawa mawe mafungu mawili. Yale meusi yenye ganeti, punje za madini mekundu zilizotawanyika ndani ya mwamba kama punje za mtama, niliyarudisha mfukoni. Yale ya kijivu, yenye mistari hafifu na yasiyo na kitu cha kumvutia mtazamaji, niliyaacha kando ya njia, nikiamini kabisa kwamba nimepunguza mzigo bila kupunguza kazi ya mtu.

Usiku, katika nyumba ya wageni, mhadhiri aliyamwaga mawe mezani chini ya taa ya chemli na kuanza kuyalinganisha na namba zilizokuwa kwenye daftari lake. Hakufoka. Aliniuliza tu, "Mwanangu, ya kijivu yako wapi?" Nilipomweleza alinyamaza kwa muda, kisha akachukua jiwe moja lenye ganeti akaniwekea kiganjani. "Hili litatuambia mwamba ulikuwa kina gani na ulipata joto kiasi gani," akasema. "Lakini halitatuambia lini. Saa ilikuwa ndani ya yale uliyoyaacha." Alfajiri tulipanda tena. Sita tuliyakuta palepale. La saba mwenye shamba alikuwa amekwisha kulipachika kwenye ngazi yake ili lizuie udongo, na mhadhiri akanikataza nisilichomoe.

Karibu kila nilichokuja kukifahamu baadaye kuhusu namna mabara yalivyoundwa kimetokana na maswali yale mawili ya mezani: mwamba ulikuwa kina gani, na ulikuwa huko lini.

Shuleni tulikariri aina za milima. Kulikuwa na milima kunjamano, milima ya volkano, na milima iliyoinuka kati ya nyufa za ardhi, na Uluguru, Usambara na Pare iliwekwa katika fungu hili la mwisho. Hilo si kosa, kwa maana kimo cha Uluguru, ambacho kinazidi mita 2,600, kimetokana kweli na mipasuko ya ardhi iliyotokea nyakati za baadaye sana. Kosa lilikuwa langu, la kudhani kwamba umri wa kimo ndio umri wa jiwe. Mzee akipanda juu ya kiti leo, hatusemi kwamba amezaliwa leo.

Madini ndani ya mwamba hukua kwa masharti. Ganeti haioti popote wala haioti kwa joto lolote, na wataalamu wakiipima kemia yake pamoja na ya madini yanayogusana nayo hupata makadirio ya mgandamizo na joto lililokuwapo wakati wa kukua kwake. Kwa miamba ya Uluguru, Pare na Usambara, vipimo vya namna hiyo vimeonyesha joto la takribani nyuzi 800 za Selsiasi na mgandamizo unaolingana na kina cha kilomita 35 hivi. Niliposoma tarakimu hizo kwa mara ya kwanza nilizipita haraka, kama mtu apitavyo namba yoyote ya kitabuni, na ni baada ya siku kadhaa ndipo uzito wake uliponifikia. Jiwe ninaloliokota juani, pembeni mwa maharage ya mtu, lilikaa chini ya kilomita 35 za mwamba mwingine. Mwamba huo wote uliokuwa juu yake umekwenda: umepasuka kwa jua na mvua, ukasagika, mito ikaubeba, ukawa mchanga na matope ya mabonde na ya bahari. Na bado, chini ya jiwe hilo, leo hii, kuna ganda la dunia lenye unene wa kilomita 35 hadi 40. Ukiijumlisha hesabu hiyo unapata ganda lililokaribia kilomita 70, unene ambao leo tunaukuta chini ya nyanda za juu za Tibet, mahali ambapo India ingali inaisukuma Asia. Uluguru tunaouona, kwa hiyo, ni mzizi wa mlima mwingine mkubwa kuliko wote tulionao Afrika sasa, na mlima wenyewe haupo tena.

Nilipewa lenzi ya mkononi ili nione ushahidi huo mwenyewe. Katika baadhi ya mawe yale meusi, ganeti haikuwa punje iliyokaa peke yake. Ilikuwa pete nyembamba nyekundu iliyozunguka madini meusi, ikiyatenga na madini meupe yaliyokuwa jirani yake. Mhadhiri alinifafanulia kwamba pete ile iliota wakati mwamba ulipokuwa unapoa polepole ukiwa bado uko chini kabisa, kwa maana kwamba baada ya kupikwa haukupanda juu upesi, bali ulikaa kulekule kwa mamilioni ya miaka ukipoteza joto lake. Tangu siku hiyo sijawahi kuitazama ganeti kama pambo tu.

Kuhusu saa, hiyo imo ndani ya punje ndogo za madini yaitwayo zikoni, ambazo nyingi ni nyembamba kama unywele wa binadamu au ndogo zaidi, na miamba ya kijivu yenye kwatzi huwa nazo kwa wingi kuliko ile myeusi ya kuvutia. Zikoni inapokua huruhusu chembe za urani kuingia ndani yake lakini huikataa risasi. Urani hiyo hubadilika kuwa risasi kwa mwendo usioyumba. Nusu ya urani-238 hugeuka katika muda wa miaka bilioni 4.47. Kwa hiyo risasi yoyote inayokutwa ndani ya punje imezaliwa humohumo, na uwiano wake na urani iliyobaki hutoa umri. Ili kupata punje hizo mwamba husagwa, huchekechwa, huoshwa, kisha punje huokotwa moja moja chini ya darubini kwa sindano. Nilikaa siku nyingi nikiifanya kazi hiyo, na nilikuwa naikumbuka ile kona ya shamba la maharage kila nilipochoka.

Wengi waliopima miamba ya safu hizi za mashariki wamepata kwamba kupikwa kwake kulifikia kilele takribani miaka milioni 640 iliyopita.

Mwaka uliofuata tulifanya safari ya kutoka Dodoma kwenda Morogoro, tukisimama kila mahali ambapo mwamba umejitokeza kando ya barabara. Ningependa kila mwanafunzi wa jiografia nchini aifanye safari hiyo walau mara moja akiwa na nyundo mkononi. Dodoma unaanzia kwenye kratoni ya Tanzania, yaani ile sehemu ya kale ya bara iliyotulia, ambayo miamba yake ya itale na jamii zake ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na ambayo kwa upande wa Ziwa Nyanza ndiyo yenye dhahabu ya Geita. Yale mawe makubwa ya mviringo yanayoonekana kila upande wa mji ni ya ukoo huo. Ukielekea mashariki, mistari ndani ya miamba huanza kuonekana wazi zaidi, mikunjo huongezeka, madini hubadilika, na unapofika Morogoro uko katika miamba ya namna nyingine kabisa.

Nilitarajia kuuona mpaka. Nilidhani tutafika mahali ambapo mhadhiri atasimama na kusema, hapa bara moja linaishia na jingine linaanzia. Hakusema hivyo, kwa sababu mahali hapo hapapo. Karibu na Kongwa alinipeleka kwenye kilima cha Mautia, ambacho nje ya nchi kinajulikana sana kuliko kinavyojulikana Dodoma, kwa kuwa ndipo yalipotambuliwa mwaka 1959 madini ya rangi ya zambarau yaliyopewa jina la yoderaiti. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi hapo alitusalimu, akatuuliza kama tunatafuta dhahabu, na alipoelezwa kwamba sivyo aliinama akaokota kipande chenye kung'aa kama samli iliyoganda, chenye madoa ya zambarau, akasema, "Basi hili ndilo mnalolifuata, wajukuu zangu; kila anayekuja na nyundo huondoka nalo." Mwamba ule nao ulipikwa chini sana, kwenye ukanda uleule ambapo kratoni ilisukumwa na kugandamizwa.

Katika eneo hilo la katikati, zikoni zilinifundisha jambo ambalo sikulitegemea. Punje moja inaweza kuwa na umri wa namna mbili. Chini ya darubini maalumu unaona kiini, kisha ukingo mwembamba uliokizunguka, mfano wa kokwa na ganda lake; kiini kinatoa umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, sawa na miamba ya Dodoma, na ukingo unatoa umri wa chini ya miaka milioni 650. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya miamba hiyo ni ukingo wa kratoni yenyewe, uliorudishwa motoni mara ya pili wakati wa mgongano. Ukienda mashariki zaidi, kwenye Uluguru na Pare, sehemu kubwa ya miamba haina kiini hicho cha kale. Ilizaliwa baadaye, kwingine, ndipo ikaletwa. Hizo ni familia mbili. Baada ya kuona hivyo sikuhitaji tena mtu wa kunichorea mpaka.

Kati ya familia hizo palikuwa na bahari, ambayo wajiolojia huiita Bahari ya Msumbiji. Mabaki ya sakafu yake yanaonekana vizuri zaidi kaskazini, Sudan, Ethiopia na Saudi Arabia, na vipande vyake vimetambuliwa pia Pokot Magharibi nchini Kenya. Kwetu Tanzania bahari za kingo zake zimeacha alama ya namna nyingine. Marumaru ya upande wa Matombo yalikuwa mawe ya chokaa chini ya maji. Kinywe, yaani grafiti, cha Mirerani kilitokana na mabaki ya viumbe vidogo vilivyozikwa kwenye matope meusi ya baharini, na matope hayohayo ndiyo yaliyobeba metali ya vanadi, ambayo baada ya kupikwa na kukunjwa iliipa tanzanaiti rangi yake. Wanaapolo wanaoshuka mashimoni Mirerani wakifuata kinywe ili wafikie tanzanaiti wanafuata, bila ya kuambiwa na mtu, matope ya bahari iliyofungwa na mgongano wa mabara, na naamini jambo hilo lingepaswa kuelezwa kwa fahari katika shule zilizo jirani na machimbo.

Neno lililo katika kichwa cha maandishi haya nililikuta maktabani. Nilikuwa nikisoma makala ya Kiingereza, nikiwa na kamusi pembeni, kuhusu uchunguzi wa usumaku wa kale uliofanywa na Joseph Meert na wenzake na kuchapishwa mwaka 1995. Walikuwa wamepima lava za Gagwe huko Kigoma na miamba ya Mbozi kusini-magharibi mwa nchi, kwa sababu madini ya chuma ndani ya mwamba, yanapopoa, huhifadhi uelekeo wa sumaku ya dunia ya wakati huo, na kwa njia hiyo mtu anaweza kukadiria bara lilikuwa wapi. Katikati ya maneno magumu ya kigeni nikalikuta neno lililosimama peke yake, Kuunga, likiwa ni jina walilolipa tukio la kujenga milima lililokamilisha kuungana kwa vipande vya bara kuu la Gondwana. Kwa mara ya kwanza sikuhitaji kamusi. Nilitoka nje ya maktaba nikatembea kidogo kabla ya kurudi kuendelea.

Nimelifikiria neno hilo kwa miaka mingi, kwa kuwa kwetu lina kazi zaidi ya moja. Seremala huunga mbao, na mstari wa pale alipounga hubaki ukionekana. Mpishi huunga mboga kwa nazi au kwa karanga, na baada ya hapo huwezi tena kuvitenga. Mfupa uliovunjika nao huunga, na pale unapounga hujitokeza kinundu kinene ambacho mwili hukipunguza polepole kadiri siku zinavyopita. Miamba ina habari za kuunga kote huku. Kuna mahali pa kutazamwa kama mboga iliyoungwa, ambapo mwamba ulianza kuyeyuka na mikanda yake myeupe na myeusi ikachanganyika kama uji wa mtindi. Lakini mfano unaoniridhisha kuliko yote ni wa mfupa: ganda lilinenepa pale lilipounga, likawa safu ya milima mirefu, kisha mvua na mito vikakipunguza kile kinundu mpaka tukabakiwa na alama ndani ya mwamba. Mfano huo una upungufu mmoja ambao huwa nausema wazi kwa wanafunzi, kwamba vipande hivi havikuwa mfupa mmoja kabla ya kukutana.

Ukanda wenyewe una jina la zamani zaidi. Arthur Holmes, Mwingereza aliyekwenda Msumbiji mwaka 1911 akiwa kijana wa miaka 21 kutafuta madini na kuugua malaria vibaya, ndiye aliyeuita Ukanda wa Msumbiji katika maandishi yake ya mwaka 1951. Ndiye pia mmojawapo wa watu wa kwanza kutumia urani na risasi kupima umri wa mawe, na mimi huona kuna haki fulani katika jambo hilo: aliyeujua ukanda kwa miguu na homa ndiye aliyetusaidia kuupatia saa.

Kosa langu la pili lilikuwa la mdomo. Nilipoanza kufundisha nilizoea kusema "mabara yalipogongana", kana kwamba ilikuwa ni ajali ya siku moja. Mabamba ya ganda la dunia yanayobeba mabara husogea sentimita chache kwa mwaka. Kwa sentimita tano, miaka milioni moja ni kilomita 50 tu. Zaidi ya hapo, umri wa miaka milioni 640 unaotawala safu za mashariki haufanani na ule wa tukio la Kuunga, ambalo huwekwa takribani kati ya milioni 570 na 530. Wapo wanaoona migongano miwili, wa kwanza ukileta vipande vya mashariki na wa pili ukiifunga India, Antaktika na Australia upande wa kusini na mashariki zaidi. Wapo wanaoona mwendo mmoja mrefu wenye vilele kadhaa. Mimi, kwa mawe niliyoyashika, naelekea kwa wanaosema palikuwa na awamu zilizo mbali mbali, kwa sababu pete za ganeti za Uluguru zinaonyesha mwamba uliotulia na kupoa, na mwamba wa kwenye kingo za kratoni unaonyesha moto uliowashwa upya baadaye. Hilo sasa nalisema darasani hata likichukua kipindi kizima.

Mama mmoja anayeponda kokoto karibu na Morogoro alinipa somo ambalo halikuwa katika daftari la mtu. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia, akanionyesha kwa nyundo yake: ukilipiga jiwe hili kwa kufuata mstari wake linafunguka kama chapati za kusukuma, ukilipiga kwa kukata mstari nyundo inakurudia usoni. Mistari hiyo ni madini yaliyolala upande mmoja kwa kusukumwa, na katika ukanda huu kwa sehemu kubwa huelekea kaskazini na kusini, kwa kuwa msukumo ulitoka pande za mashariki na magharibi. Tangu hapo nawafundisha vijana kuutafuta uelekeo wa mstari kwanza kabla ya kuliuliza jiwe jina lake.

Gondwana ilikaa pamoja kwa mamia ya mamilioni ya miaka, kisha katika enzi za dinosari ikaanza kukatika. Bukini, au Madagaska, iliyokuwa imelala ubavuni mwa pwani ya Kenya, Somalia na Tanzania, iliondoka kuelekea kusini. Ndiyo maana ganeti na yakuti za kule, na za Sri Lanka pia, zina undugu na zile za Umba na Tunduru. Na kukatika hakujaisha. Bonde la Ufa linapofika kwenye kratoni yetu hugawanyika, tawi moja likipita magharibi na jingine mashariki, yote mawili yakifuata kwa sehemu kubwa mikanda ya kale iliyoizunguka na kuukwepa moyo wake mgumu.

Mwaka jana nilimweleza hivyo mwanafunzi mmoja tukiwa kando ya barabara Gairo, naye akauliza, "Kwa hiyo, mwalimu, panakatika tena palepale palipounga?" Nikamjibu kwamba kwa sehemu kubwa ndivyo, na kwamba upande wa mashariki wa Bonde la Ufa unajitenga na Afrika iliyobaki kwa milimita chache tu kwa mwaka. Alichukua milimita tano, akafanya hesabu ya miaka milioni moja kwenye paja lake, akaandika kilomita tano na kupiga mstari chini yake. Kisha akaelekeza kidole kwenye mwamba uliochongwa na mafundi wa barabara, akauliza kama yale ya kijivu nayo tuyachukue. Tulichukua manne, tukayaandika namba, na mfuko akaubeba mwenyewe.